Nilinunua Masikio: Niliyojifunza kwa Radi, Kokoto na Tausi

Radi aliishi kwetu siku kumi na moja.

Nilimnunua Jumamosi moja kando ya barabara, kwa kijana aliyekuwa na watoto wa mbwa wanne ndani ya boksi la televisheni. Nililipa shilingi 450,000, pesa tuliyokuwa tumeitenga kwa ajili ya geti. Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia Goba, nyumba haijapigwa plasta nje, nondo zilizobaki zimeibwa mara mbili, na mume wangu ni dereva wa malori. Wiki tatu kati ya nne yuko njiani kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Usiku nilikuwa nalala na watoto wawili na tochi. Kila jirani aliyepita aliniambia nitafute mbwa. Nilikubali, ila sikutaka mbwa yeyote. Nilitaka German Shepherd.

Sababu naieleza waziwazi, maana ndiyo chanzo cha yote yaliyofuata. Nilipokuwa mtoto Morogoro palikuwa na nyumba ya mkubwa mmoja yenye mbwa wa aina hiyo. Babu yangu, aliyewahi kuwapikia Waingereza, alimwita Alsatian, jina walilompa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kuwa hawakutaka kusikia neno lolote la Ujerumani. Mbwa yule alikaa nyuma ya geti la mabomba, mgongo mweusi, miguu rangi ya udongo, masikio yamesimama kana kwamba anasikiliza habari za mtaa wa pili. Nilipita pale kila siku kwenda shule nikijiambia nikiwa mkubwa nitakuwa naye. Sikuwahi kujiuliza anakula nini, anaugua nini, wala ni kazi gani iliyomfanya awe alivyo. Siku ile kando ya barabara sikununua mbwa. Nilinunua masikio.

Kijana aliniambia mtoto ana miezi miwili na ameshachanjwa. Kadi ya chanjo hakuwa nayo, alisema ipo nyumbani, ataniletea. Mama yake mbwa sikumwona, nikaambiwa yuko Mbagala. Leo mtu akinieleza maneno kama hayo nageuza mguu. Wakati ule niliyameza yote kwa sababu Radi alikuwa amelala mkononi mwangu, pumzi yake ina joto, na binti yangu mdogo alishaanza kumwita kwa jina.

Siku ya nane alikataa maziwa. Jioni akatapika povu la njano. Hapa ndipo nilipofanya kosa ninaloliumia mpaka leo: nilipoteza siku mbili. Nilimpa maji ya chumvi na sukari, nikamsagia nusu kidonge cha kuzuia kuharisha cha binadamu, nikajipa moyo kwamba ni minyoo. Siku ya pili akaanza kuharisha damu, na ile harufu, aliyewahi kuinusa hahitaji kuelezwa. Asubuhi nilimfunga kwenye kanga nikapanda bajaji hadi kwa daktari wa mifugo.

Daktari, kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, alimfungua mdomo kwanza akatazama meno. "Mama, huyu hajafika hata wiki sita." Kisha akapima kinyesi, akaniambia neno moja: parvo. Alinieleza kwa upole kwamba kirusi hiki kinakula ukuta wa utumbo wa mtoto wa mbwa na kuangusha kinga yake. Dawa ya kukiua mwilini hakuna. Kinachofanyika ni kumwongezea maji kwa dripu, kuzuia kutapika na kumkinga na bakteria wanaopita kwenye utumbo uliochubuka, halafu kusubiri. Wanaoletwa siku ya kwanza wana nafasi nzuri zaidi kuliko wanaoletwa siku ya tatu. Sikuweza kumtazama usoni aliposema hivyo.

Radi aliwekewa dripu kwenye chumba cha nyuma, peke yake. Mimi nilikaa nje, kwenye benchi chini ya mkungu karibu na geti, na daktari alinikataza kabisa kugusa mbwa wa mtu, kwa sababu kirusi husafiri kwenye nguo, mikono na viatu. Nilikaa pale siku mbili. Wenye mbwa walikuja na kuondoka, wakikaa mbali nami kidogo kama nilivyowaomba, tukizungumza. Niliyoyasikia kwenye benchi lile ndiyo yaliyonifundisha mbwa.

Aliyenifungua macho ni mwenye bucha mmoja wa Kimara, aliyekuja na Rottweiler dume wa kilo 52. Nilimuuliza kwa nini alichagua huyu. "Dada, huyu ni mwenzangu kazini," alinijibu. Akanieleza kwamba Rottweil ni mji wa kusini mwa Ujerumani, na wachinjaji wa huko ndio waliomtunza mbwa huyu vizazi na vizazi, wakimtumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya nyama. Alikuwa anayajua hayo kama mtu anavyojua ukoo wa mkewe. Alichokipenda zaidi lakini si ukali. "Nikirudi usiku nimechoka, anakuja kuniegemea mguuni. Uzito wote. Hasemi kitu, anaegemea tu." Na mbwa yule, hata wakati tunazungumza, alikuwa amemwegemea. Kisha akaniambia neno ambalo wauzaji hawalisemi: mbwa huyu akikua bila kufundishwa adabu tangu miezi ya mwanzo, akifika kilo hamsini hakuna mkono utakaomzuia.

Siku ya pili alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Upanga, mjane, anaishi ghorofa ya tatu, na mbwa mdogo mweupe pe wa aina ya Japanese Spitz. Nilimwamkia, hakuitikia. Nikarudia kwa sauti, mbwa akageuka kunitazama, akamgusa mama yake kwa pua, ndipo akaniona. "Marahaba mwanangu, mimi sisikii vizuri." Akanieleza kwamba mlango ukigongwa, mbwa anabweka na kukimbia kati ya mlango na kiti chake. Simu ikiita, hivyo hivyo. Maji yakichemka na sufuria kupiga mfuniko, hivyo hivyo. Mbegu hii inajulikana kwa kubwekea kila kitu, na jirani wa chini amelalamika mara nyingi. "Zile kelele anazozilalamikia," aliniambia, "ndiyo masikio yangu." Nilijisikia vibaya, maana nilishazoea kuwaona mbwa wadogo kama mapambo ya wenye nazo.

Wengine nawataja kwa haraka. Mwenye shamba mmoja wa Chalinze alikuja na Rhodesian Ridgeback, mbwa mwekundu mwenye mstari mgongoni ambao manyoya yake yanaota kuelekea kichwani, kinyume na mengine. Chanzo chake ni mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika waliochanganywa na mbwa wa walowezi, na sifa rasmi za mbegu yake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Kazi yake haikuwa kumuua simba kama watu wanavyosimulia. Alimzonga na kumchelewesha mpaka mwindaji afike. Mwenyewe anampenda kwa kuwa manyoya yake ni mafupi, joto la pwani analistahimili, na habweki ovyo: "Huyu akibweka, toka nje. Kuna kitu." Kulikuwa pia na kijana wa Husky, macho ya bluu, mbwa wa kuvuta magari ya theluji Siberia, anahema ulimi nje saa mbili asubuhi. Kijana alisema kiyoyozi hakizimwi kwake na umeme wa luku unakwisha kabla ya wiki. Alinunua macho, mimi nilinunua masikio. Tulielewana bila maneno mengi.

Na palikuwa na mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kindu, Kongo, aliyemsindikiza rafiki yake. Aliposikia tunazungumza mbegu alisema kwao msituni wako mbwa wa kuwinda wasiobweka. Hutoa sauti kama wimbo, na hufungwa kengele ya mbao shingoni ili mwindaji ajue walipo. Wazungu waliwapeleka Uingereza miaka ya 1930, na leo dunia inawaita Basenji. Jina lile ukilisikiliza kwa sikio la Kiswahili unalitambua: ni lile lile shenzi, mbwa wa watu wa vijijini. Mbwa anayeshindanishwa Ulaya na kuuzwa kwa bei kubwa amebeba jina la dharau tuliyokuwa tukimwita nayo mbwa wetu. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu, kwa sababu nyumbani nilikuwa nimemwacha mbwa ambaye sikuwa nimemhesabu kuwa ni mbwa wangu.

Nitamfikia. Kwanza Radi. Alfajiri ya siku ya tatu daktari alinipigia simu mwenyewe. Matibabu yalikuwa shilingi 260,000, na alinipunguzia. Tulimzika nyuma ya nyumba chini ya mwembe mchanga. Binti yangu alitaka kujua kama Radi alikufa kwa sababu alimpa biskuti. Ilinichukua wiki nzima kumwondoa kwenye wazo hilo, na katika gharama zote za hadithi hii, hiyo ndiyo ninayoiona kubwa.

Kama yamekukuta, fahamu hili: kirusi cha parvo kinabaki kwenye mazingira miezi mingi, hata mwaka na zaidi kwenye udongo wenye kivuli. Sabuni ya kawaida haikiui. Sakafu na vyombo nilivisugua kwanza kwa sabuni mpaka vikatakata, halafu nikavipiga jiki, sehemu moja kwa sehemu thelathini za maji, nikaiacha dakika kumi kabla ya kusuuza. Matambara na boksi nilichoma. Udongo hauoshwi, unauachia jua na muda. Daktari aliniambia nisilete mtoto wa mbwa pale kabla ya mwaka kuisha. Mume wangu alitaka tujaribu baada ya mwezi, tukakorofishana. Nilishika msimamo.

Sasa Kokoto. Alikuwa mbwa wa fundi wetu wa ujenzi, wa kienyeji, kahawia, mkia umejikunja juu, alizoea kulala juu ya lundo la kokoto na ndivyo alivyopata jina. Fundi alipomaliza kazi alirudi kwao Kigoma, mbwa akabaki. Nilikuwa namtupia ukoko bila kumjali. Kokoto alikunywa kwenye bakuli moja na Radi, akalala alipolala, na hakuugua hata siku moja. Nilipomuuliza daktari kama mbwa wa kienyeji hawapati parvo, alinikatalia. Wanapata, na wengi wanakufa wadogo bila mtu kuandika popote. Huyu unayemwona ni yule aliyebaki. Pengine aliwahi kuugua akiwa mtoto akapona, na kinga ikabaki. Kwa hiyo usije ukaambiwa mbwa wa kienyeji hana haja ya chanjo. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, palikuwa na uchanjaji mtaani, nikamfunga kamba Kokoto kwa mara ya kwanza nikampeleka. Alitetemeka njia nzima. Nilipomshika kichwa wakati wa sindano alinilamba kiganja, na tangu siku hiyo hakuondoka mlangoni kwangu.

Mtu angetegemea hapa niseme niliachana na German Shepherd. Hapana. Mwaka ulipoisha nilikuwa bado namtaka, ila safari hii nilienda tofauti. Nilitafuta mfugaji, si muuzaji. Nilikwenda kwake mara mbili kabla ya kutoa hata mia. Nilimwona mama mbwa anavyotembea, kwa sababu mbegu hii husumbuliwa na nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye kikombe chake na ukubwani mbwa anaburuza miguu ya nyuma. Nilitazama kama mama anamkaribia mtu au anajificha. Mama mwoga huzaa watoto waoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata. Mfugaji alikataa kunipa mtoto kabla ya wiki nane. Aliponikatalia ndipo nilipomwamini. Mtoto huyo, Tausi, alikuja na kadi yenye stika ya chanjo, tarehe na saini ya daktari, nami nikaendelea kila baada ya wiki tatu hadi nne mpaka alipofika wiki kumi na sita, na ile ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu. Nililipa 700,000. Ukijumlisha dripu, zile 450,000 za Radi zilinigharimu zaidi.

Kosa langu la pili lilikuwa la malezi. Mtaani kwetu kila mtu anakuambia mbwa akitaka kuwa mkali afungiwe mchana, afunguliwe usiku, asizoee watu. Nilimjengea banda zuri la matofali na mlango wa wavu, nikamfungia kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Alipofika miezi kumi alianza kuzunguka ndani ya banda mpaka nyayo zikachubuka. Usiku nikimfungulia alikuwa hakai; anakimbia kando ya ukuta, anafika kona, anageuka, anarudi, tena na tena, mpaka majani yakafa na njia ikajichora kuzunguka kiwanja. Nilidhani ameanza wazimu.

Akiwa na miezi kumi na mitano, kijana aliyeleta mtungi wa gesi aliingia getini wakati dada wa kazi anafungua banda aweke maji. Tausi alitoka kama mshale na kumng'ata shavu la mguu. Nilisikia kilio nikiwa jikoni. Ninachoshukuru ni kwamba nilikumbuka la kufanya: nilimkalisha bombani, tukaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, yeye analia na mimi nalia, halafu hospitali. Kuosha huko usikudharau hata kama mbwa amechanjwa. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea kwa binadamu ni kifo, na karibu maambukizi yote kwa watu hutoka kwa mbwa. Nililipia chanjo zake zote kwa tarehe alizopangiwa, siku alizokosa kazi, na suruali. Tausi alikuwa na kadi, akaangaliwa siku kumi, akabaki mzima. Nilikwenda kwa mama yake yule kijana, Mbezi, kuomba msamaha. Alinikaribisha chai. Akaniambia, "Mwanangu, mbwa si mkosa, aliyemfungia ndiye." Sikuwa na la kujibu.

Ndipo nilipomtafuta mwalimu, askari mstaafu aliyefanya kazi na mbwa miaka mingi, elfu ishirini kwa somo. Alifika, hakuuliza lolote, akasimama dakika nyingi akiitazama ile njia iliyochorwa kando ya ukuta. Kisha akanielezea jambo ambalo ningelijua mapema lingeokoa mguu wa mtoto wa watu. Mbwa huyu, alisema, ni mchungaji wa kondoo, jina lake lenyewe linasema. Mwaka 1899 ofisa wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa mmoja mchungaji aliyemwona Karlsruhe, akaanzisha chama cha kuikuza mbegu hiyo. Huko kondoo walilishwa kwenye ukanda wa majani katikati ya mashamba yasiyo na uzio, na mbwa ndiye aliyekuwa uzio: kutwa alitembea mpakani, anaenda anarudi, kondoo asivuke kuingia kwenye mazao. "Huyu hana wazimu, mama. Anafanya kazi aliyozaliwa nayo, ila wewe umemnyima kondoo na mchana."

Nililia mbele ya mtu mzima yule. Miaka mingi nimempenda mbwa huyu kwa sura yake, na kumbe kitu kizuri kuliko vyote alichonacho, nilikuwa nakiona kila usiku nikakiita ugonjwa.

Banda tuliliondolea mlango. Alfajiri namtembeza kwa kamba dakika arobaini na tano, na jioni anafanya masomo mafupi ya kukaa, kungoja na kuja akiitwa, dakika kumi kumi, kwa vipande vya maini. Mgeni akija, Tausi anafungwa kamba kwanza, mgeni anaingia, anakaa, ndipo wanatambulishwa. Ilichukua miezi minne hivi mpaka nikamwamini. Ukali wa usiku haukupungua; uliongezeka akili. Kokoto analala palepale juu ya mabaki ya kokoto zake na ndiye anayesikia wa kwanza, anatoa mlio mfupi, na Tausi anakwenda kuangalia. Hakuna nondo iliyopotea tena.

Jirani yangu wa kulia ni mzee wa msikitini. Jioni moja geti lilikuwa wazi, Tausi akatoka akamlamba pindo la kanzu akiwa njiani kwenda kuswali Magharibi. Nilitaka ardhi inimeze. Mzee hakunifokea. Alirudi kubadilisha, na kesho yake nilipokwenda kumwamkia alinieleza kwamba kufuga mbwa wa ulinzi si tatizo kwao. Tatizo ni mate, ambayo yakigusa nguo au chombo lazima vioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Tangu hapo jioni tunatoka baada ya Isha, geti lina kitasa kinachojifunga chenyewe, na sipitishi mbwa upande wa kibaraza chake. Kwenye mitaa yetu ya pwani mtu asiponunua kitasa hicho pamoja na mbwa, hajamaliza kununua.

Kuhusu kupe nitasema kwa ufupi ingawa ilinitisha sana. Mwaka wa pili Tausi alikataa chakula, ufizi ukapauka, akatoka damu puani. Daktari alipima damu: ugonjwa wa kupe, erlikia. Mbegu hii huuugua vibaya kuliko nyingine nyingi. Wakati wa vita vya Vietnam uliua mbwa wengi wa jeshi la Marekani, na wengi wao walikuwa German Shepherd. Alitumia vidonge vya doksisaiklini wiki nne, akapona. Kupe huyu wa mbwa anaishi pia ndani ya nyufa za ukuta na banda, kwa hiyo kumtibu mbwa peke yake ni nusu ya kazi; nyufa nilizipiga sementi. Na naomba sana, dawa ya kuogeshea ng'ombe usimchanganyie mbwa kwa kukadiria kwa jicho. Nilifanya hivyo mara moja kwa Kokoto akayumba kama mlevi usiku kucha. Sasa kila jioni nawapapasa kwa vidole: ndani ya masikio, katikati ya kucha, chini ya mkia.

Chakula cha wawili kinanigharimu kati ya shilingi 120,000 na 150,000 kwa mwezi: dona, mapupu kutoka bucha, dagaa, mchicha kidogo. Unga ulioingia ukungu simpi mbwa kamwe, sumukuvu inaua ini lake kama inavyoua letu. Mabaki ya pilau nayo hapana, kwa sababu ya vitunguu, vinavyoharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka ncha kali na kutoboa utumbo. Haya matatu nimeyaweka kwenye karatasi mlangoni mwa jiko, maana wageni wetu wana moyo wa kutoa.

Wiki iliyopita shemeji yangu wa Tabata alinipigia akitaka nimwunganishe na mfugaji wa Tausi. Ana vyumba viwili na uwanja mdogo usio na uzio, yeye na mkewe wanaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Nilimuuliza mchana mbwa atabaki na nani, na atatembea wapi. Alinyamaza. Nikamwambia aje kwanza. Alikuja Jumapili, akakaa barazani muda wa karibu saa mbili nzima akimtazama Tausi anavyopita kwenye njia yake kando ya ukuta, anafika kona, anageuka, na Kokoto amelala kwenye kokoto zake, sikio moja juu. Alipokuwa anavaa viatu alisema atamaliza uzio kwanza, halafu tutaongea.